Kilomita Zinazoishia na Nane

"Nimeboronga, mume wangu. Tena nimeboronga kitaalamu."

Mpima Macho aliiweka barua mezani, kati ya birika na mkate, akaisukuma kwa kidole kimoja kama mtu anayesogeza bakuli la chakula kilichochacha. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Spana kwa sababu ya gereji yake, alifuta mikono kwenye suruali ingawa ilikuwa safi, akaichukua. Alipoisoma mara ya kwanza, midomo ilimcheza. Mara ya pili mabega ndiyo yaliyocheza. Mara ya tatu hakufika mwisho. Aliinamia meza akacheka mpaka chai ikamwagikia kitambaa.

"Usicheke, Spana."

"Sicheki, nasoma. 'Kwa mujibu wa daftari uliloambatisha, gari lako lilirudi nyuma kilomita elfu kadhaa katika vipindi tofauti vya mwaka.' Mke wangu, kumbe huwa unakwenda kazini kwa rivasi?"

Barua ilitoka ofisi ya kodi. Mpima Macho alikuwa amejiajiri. Alikuwa na chumba kimoja cha kupimia macho juu ya duka la vitambaa, lakini kazi yake kubwa ilikuwa barabarani. Leo yuko shuleni, kesho kiwandani, keshokutwa kwenye nyumba ya wazee, na boksi lake la lenzi na ubao wake wa herufi, anawapima watu hapohapo walipo. Kwa kazi ya namna hiyo, sheria ya kodi ilikuwa na huruma kidogo. Kilomita ulizoendesha kwa ajili ya kazi zilihesabiwa kuwa gharama, zikatolewa kwenye mapato yako kabla kodi haijapigwa. Sharti ni uandike. Unapoondoka, namba ya kwenye dashibodi. Unapofika, namba ya kwenye dashibodi. Ulikwenda wapi na kufanya nini. Kutoka nyumbani hadi kile chumba cha juu ya duka hakuhesabiki, kwa sababu kila mtu anakwenda kazini. Kwenda sokoni hakuhesabiki. Kwa shangazi hakuhesabiki, hata kama shangazi haoni vizuri.

Kuandika aliandika, mwaka mzima, bila kuruka safari. Alikoboronga ni mwishoni. Siku ya mwisho ya kupeleka hesabu ilimkuta na foleni ya wateja mlangoni, akachukua namba ya mwisho ya daftari, akatoa ya kwanza, akapunguza safari za nyumbani kwa kukadiria, akabandika nakala nyuma ya fomu, akapeleka. Katikati ya daftari hakupatazama hata kwa jicho la pembeni. Yeye, ambaye anakula kwa kuwaambia watu watazame vizuri.

"Jumatatu wananitaka nikaeleze," alisema. "Nikishindwa wanafuta kilomita zote. Hata zile nilizoendesha kweli, na jua likanichoma mkono mmoja tu wa dirishani, ona."

"Sasa wakifuta?"

"Wakifuta, safari za mbali hazitalipa. Nitafunga buti la gari, nikae chumbani kule juu nisubiri watu wapande ngazi."

Spana aliacha kucheka. Alitazama dirishani, uani, ambako mama yake alikuwa anakunja nguo zilizokauka huku akiimba wimbo ambao maneno yake aliyajua nusu.

"Na Mama je?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Hilo ndilo lililokuwa limemnyima Mpima Macho hamu ya mkate.

Mama alikuwa amehamia kwao baada ya kufiwa. Miezi ya mwanzo alikaa kwenye kiti karibu na dirisha la sebuleni, akitazama ukuta wa jirani, na kila aliyemuuliza kitu alijibiwa "sawa tu". Hakumgombeza mtu. Hapo ndipo Spana alipoogopa, maana mama yake asiyegombeza ni kama injini isiyotoa sauti, ujue kuna jambo. Kisha siku moja Mpima Macho alikuwa na safari ndefu ya kwenda kwenye kiwanda cha soksi, akamwomba amsindikize asije akasinzia njiani. Mama alirudi jioni anaongea. Aliongea wakati wa kula, aliongea wakati wa kuosha vyombo, alimgombeza Spana kwa sababu ya viatu vyake mlangoni, na nyumba ikapumua.

Tangu siku hiyo kiti cha mbele kilikuwa chake. Akajipa na kazi. Mahali pasipokuwa na msumari ukutani, yeye ndiye aliyesimama akashika ubao wa herufi. Wazee walioogopa mashine aliwatuliza. Na kwa kuwa Mpima Macho siku zote alikuwa na boksi mkono huu na daftari mkono ule, Mama ndiye aliyeinamia dashibodi na kumsomea kilomita. Spana akamwita Karani. Mama alilipenda jina hilo kiasi cha kununua mkoba.

"Lakini gari haliwezi kurudi nyuma," Spana alisema.

"Ndiyo maana nataka kukuuliza jambo, na usikasirike. Umechezea dashibodi?"

"Mimi?"

"Wewe ndiye fundi hapa nyumbani."

"Nichezee dashibodi ya gari la mke wangu? Si afadhali nichezee ya mteja!"

"Unasemaje?"

"Natania! Mungu wangu, mwanamke huyu ana macho ya polisi." Alivuta kiti karibu. "Lete daftari tulione."

Walilifungua pamoja, kichwa kwa kichwa. Mwandiko ulikuwa wa Mpima Macho, safi, wa mistari iliyonyooka. Namba zilipanda vizuri, zikapanda, halafu katikati ya wiki zikaporomoka kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi, kisha zikapanda tena. Spana alikuwa anatafuta penye kuporomoka. Mke wake alikuwa anatazama kitu kingine. Alipitisha kucha kwenye ukingo wa kulia, ukurasa baada ya ukurasa.

"Spana. Mbona karibu zote zinaishia na nane?"

Walitazamana.

"Bahati tu," alisema Spana, lakini alikuwa ameshasimama.

Gari lilikuwa uani, chini ya mabati. Spana alifungua mlango wa mbele, akawasha swichi bila kuwasha injini, akapaza sauti kwa uchangamfu wa mtu anayesema uongo.

"Mama! Karani! Njoo unisomee kilomita, nataka kujua kama oili imefika wakati wake."

Mama aliweka nguo chini, akajifuta mikono, akaja. Hakuharakisha. Aliingia akakaa sawasawa, akarekebisha gauni, akainamisha kichwa kushoto, akakiinamisha kulia, akakohoa.

"Laki moja na arobaini na sita elfu, mia tatu," alisoma, akatua kidogo, "na nane."

"Asante, Mama."

"Karibuni." Akarudi kwenye nguo zake na wimbo wake.

Spana na mkewe waliinama dirishani kwa pamoja. Ilikuwa laki moja na arobaini elfu, mia tisa hamsini na mbili. Nane haikuwepo popote.

"Haoni," alisema Spana.

"Haiwezekani! Nilimpima mimi mwenyewe, mwanzo wa mwaka. Nilimbembeleza wiki nzima, maana unamkalishaje mama mkwe kwenye kiti ukamwamuru asome? Akakaa. Akasoma ubao kuanzia ile herufi kubwa ya juu mpaka mstari wa chini kabisa, ule ambao hata mimi huwa nautafuta. Hakukosea hata..."

Mdomo ulibaki wazi.

"Nini?" aliuliza mumewe.

"Huo ubao anaushika nani?"

"Mama."

"Na watu wakiusoma, asubuhi mpaka jioni, anayewasikia ni nani?"

Spana aliteremka taratibu mpaka akakaa kwenye bampa. "Amekariri," alisema. "Mama yangu amekariri mtihani." Alifunika uso kwa mikono yote miwili, na Mpima Macho hakujua kama alikuwa anacheka au analia, mpaka alipoona mabega yakicheza.

"Sasa ni lazima aambiwe," alisema Mpima Macho. "Jumatatu nikiulizwa, nitasemaje?"

"Mwambie."

"Mimi? Wewe ndiye mwanae."

"Wewe ndiye daktari wa macho."

"Leo nimekuwa daktari! Nikitaka kubadilishiwa tairi huwa naitwa nani?"

"Mke wangu, nikimwambia mimi, atadhani tunamrudisha kwenye kile kiti cha dirishani. Unamjua. Hatagomba. Atasema 'sawa tu'."

Hilo liliwamaliza wote wawili. Jumamosi ilipita, kila mmoja akimsukumia mwenzake kwa nyusi. Jumapili ilipita vilevile. Spana alifanya kitu kimoja cha maana: alikwenda gerejini akatoa kitabu cha oili, maana kila alipolibadilishia oili gari la mkewe aliandika kilomita, kama anavyowaandikia wateja wote. Hizo zilisomwa na macho yake mwenyewe. Mpima Macho naye alikusanya kitabu chake cha miadi na risiti za kila mahali alipokwenda kupima. Kuhusu Mama, kila mmoja alijifanya hamnazo.

Jumatatu asubuhi Mpima Macho alitoka mapema, kwa ncha za vidole, viatu mkononi. Alimkuta Mama ameshakaa kiti cha mbele, mkanda kifuani, mkoba mapajani.

"Umechelewa, mwanangu."

"Mama, leo ni mambo ya karatasi tu. Yanachosha. Ungebaki upumzike."

"Karatasi za nini?"

"Za kilomita."

"Na kilomita alizisoma nani?"

"Wewe, Mama."

"Basi washa gari."

Akawasha. Na walipofika na kuegesha mbele ya ofisi ya kodi, Mama aliinamia dashibodi kama kawaida, akasoma, akamalizia na nane. Mpima Macho alitoa daftari akaandika. Mkono ulishazoea, hakuuzuia.

Njia nzima kutoka kwenye gari mpaka mlangoni aliona mambo ambayo alipaswa kuyaona zamani. Mama alitangulia kugusa ngazi kwa ncha ya kiatu kabla ya kuikanyaga. Aliwatambua watu walipoongea, si kabla. Na pale mlangoni, palipokuwa na picha kubwa ya kadibodi, ya kimo cha mtu, ya afisa mwenye tai na tabasamu aliyenyoosha mkono kuelekeza wateja ndani, Mama alisimama akainamisha kichwa kwa heshima.

"Habari za kazi, kijana?"

Kadibodi ilitabasamu.

"Salama?" aliongeza Mama, akangoja. Kisha akamgeukia mkwewe akanong'ona, "Huyu hana adabu."

Mpima Macho alimshika mkono wakaingia, na kicheko chake akakimeza.

Ndani kulikuwa na mabenchi, feni iliyozunguka kwa kusitasita, na bwana mmoja aliyekumbatia boksi la viatu lililojaa risiti kama aliyebeba mtoto mchanga. Namba yao ilipoitwa waliingia kwenye kijumba cha vioo. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, kalamu sikioni na nyingine mkononi, meza safi. Nakala ya daftari ilikuwa mbele yake, imejaa duara nyekundu. Ilionekana kama imepata tetekuwanga.

"Karibuni. Huyu ni mama yako?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Ni karani wake," Mama alisahihisha, akaukalisha mkoba mapajani.

"Vizuri sana." Afisa aligeuza nakala. "Dada, mimi nimeona mengi. Nimeona mtu anadai kilomita za baiskeli. Nimeona mmoja ameendesha gari wiki tatu mfululizo likiwa limewekwa juu ya mawe. Lakini hili lako sijaliona. Jumanne unaondoka kiwandani, Jumatano unafika shuleni, na katikati gari limepungua. Halafu hizi nane. Mtu anayetunga namba huwa ana namba anayoipenda, hilo tunalijua hapa. Kwa hiyo nakuuliza kwa upole kabla sijauliza kwa ukali. Namba hizi alizisoma nani?"

Mama alinyoosha mgongo. Mpima Macho alimwona kwa pembeni: vidole vyake viwili vilikuwa vimebana mshipi wa mkoba.

"Mimi," alisema Mpima Macho. "Nilisoma mimi."

Afisa aliinua nyusi. "Wewe. Hapa kwenye fomu umeandika kazi yako ni nini?"

"Kupima macho."

"Unapima macho ya watu."

"Ndiyo."

"Na huoni namba iliyo mbele ya usukani."

"Huwa... nakuwa na haraka."

"Dada, unajua unachosema? Mtu asiyeona namba kwa bahati mbaya, namsaidia. Mtu anayeona vizuri halafu akaandika hizi, huyo ametunga. Wa namna hiyo nafuta kilomita zote na kumwandikia faini. Nikuulize tena?"

Mpima Macho alifungua mdomo. Alikuwa amepiga moyo konde kusema tena "mimi", na faini itajijua yenyewe. Lakini sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Anadanganya," alisema Mama.

"Mama, acha."

"Niache nini? Nakusikia unajichimbia shimo mbele ya serikali, niache?" Alimgeukia afisa, au tuseme aligeukia mahali sauti ya afisa ilikotokea. "Mwanangu, nilisoma mimi. Zote. Na sioni."

Afisa aliitazama nakala yenye duara nyekundu, kisha akamtazama Mama.

"Namba za mwanzo naziona, zile hazibadilikibadiliki. Za katikati zina ukungu, nakisia. Siku nikiwa nimechoka naona tumekwenda mbali, naongeza. Ya mwisho kabisa siioni hata kwa dawa. Natia nane."

"Kwa nini nane?" aliuliza afisa. Alikuwa ameshaweka kalamu chini.

"Ni namba iliyoshiba. Sasa ningetia moja, si ningeonekana nabahatisha?"

Afisa aliinamia droo kama anayetafuta kitu. Alikaa humo muda kidogo. Alipoibuka, macho yalikuwa na maji.

"Na ubao je, Mama?" Mpima Macho aliuliza. "Si ulisoma ubao wote?"

"Ubao wako naujua kama jina langu. Nikuanzie juu au chini?"

"Lakini kwa nini hukuniambia? Mimi! Kazi yangu ni hiyo!"

Mama alifungua mkoba akaufunga. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo sauti yake ilipungua.

"Karani asiyeona ni karani gani? Mngeniambia nipumzike. Watu wakimpenda mzee ndivyo wanavyomwambia, pumzika. Mimi nilishapumzika pale dirishani, mwanangu. Ule ukuta naujua."

Mpima Macho alimshika mkono, ule wenye mkoba, na mkoba ukaenda pamoja.

Afisa alipenga kamasi kwa sauti ya kiserikali, akavuta kompyuta karibu. "Haya. Turudi kazini. Namba za daftari hizi nazifuta, hazinifai kitu. Una nini kingine?"

Mpima Macho alitoa kitabu cha miadi, risiti, na kile kitabu cha oili cha Spana chenye alama ya dole gumba la grisi kila ukurasa. Afisa aliifurahia grisi. Hiyo, alisema, haitungwi. Kutoka hapo alijua gari lilitembea kiasi gani kwa mwaka mzima. Kilichobaki ni kujua zipi zilikuwa za kazi. Alifungua ramani kwenye kompyuta, akaanza kupima safari moja moja.

"Kiwanda cha soksi. Mlikwenda, mkarudi moja kwa moja?"

"Moja kwa moja," alisema Mpima Macho.

"Hapana," alisema Mama. "Tulipitia kununua vitunguu. Ulisema vya kule ni vikubwa."

Afisa alipunguza kilomita za vitunguu.

"Shule ya wasichana, kule mlimani."

"Hiyo ilikuwa kazi tupu," alisema Mpima Macho haraka.

"Kazi tupu," Mama alikubali. "Mwalimu mkuu alikuwa na mafua, na kuna binti alilia kwa furaha alipoona majani ya mti. Nilimsikia. Halafu tukazunguka kwa dada yako kumwona mtoto."

"Mama!"

"Si tulimwona? Mzuri kweli, amefanana na upande wenu."

Afisa alipunguza kilomita za mtoto. Ikawa hivyo, safari hata safari. Mama hakusahau mtu, hakusahau harufu ya ukumbi, hakusahau nani alisema nini, na hakusahau hata kona moja waliyokata kwa mambo yao binafsi. Kila alilolikumbuka lililingana na risiti, na kila alilolikumbuka lilikula kilomita. Mpima Macho alianza kumkanyaga mguu chini ya meza. Mama aliusogeza mguu wake. "Unanikanyaga, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kusikika.

"Mwache karani afanye kazi," alisema afisa.

Mwishowe afisa alipiga mstari chini, akageuza karatasi waione. Zilikuwa pungufu ya alizodai Mpima Macho, tena pungufu sana. Lakini zilikuwa nyingi. Zilitosha kabisa kufanya safari za mbali ziendelee kulipa.

"Hizi nazikubali. Faini hakuna, maana sijaona aliyetaka kuiba. Shahidi wako amekuharibia kilomita nyingi kuliko mimi. Ila mwaka huu, tafadhali, isomwe namba iliyopo."

Mama alikuwa ameshasimama, lakini hakuondoka. Alishika kiti.

"Kwa hiyo mimi," aliuliza, "ndiyo nimefukuzwa?"

Afisa alimtazama Mpima Macho. Hilo halikuwa swali la ofisi ya kodi.

"Karani hafukuzwi," alisema Mpima Macho. "Karani anavaa miwani. Twende."

Hawakupitia nyumbani. Walikwenda moja kwa moja juu ya duka la vitambaa, Mama akapanda ngazi akizigusa moja moja kwa ncha ya kiatu, akakalishwa kwenye kiti cha wateja. Mpima Macho aliugeuza ule ubao wa herufi, akautazamisha ukutani kama mtoto aliyekosa. Akatoa ubao mwingine, wa watoto wasiojua kusoma, wenye picha za nyumba, kikombe na ndege.

"Ule mwingine ni mzuri zaidi," Mama alijaribu.

"Najua. Huu ni nini?"

"Mbuzi."

"Ni kikombe, Mama."

"Basi kikombe chenye masikio."

Ilichukua muda. Lenzi hii, lenzi ile, afadhali sasa au afadhali mwanzo. Ilipofika lenzi moja, Mama alikatiza neno katikati. Alitazama kikombe, akatazama ndege. Kisha akageuka taratibu akamtazama mkwewe, kwa muda mrefu, kwa upole, kama aliyempokea leo kituoni.

"Kumbe umeanza kuota mvi," alisema.

"Asante, Mama."

"Zimekupendeza. Huyo mwanangu je, na yeye amezeeka, au ni mimi tu nimefichwa?"

Miwani ilikuwa tayari wiki iliyofuata. Nyumba haikupata raha tena. Mama aliona vumbi juu ya kabati. Aliona kwamba picha ya harusi ilitundikwa upande, na kwamba Spana huwa analala na soksi moja. Kile kiti cha dirishani alikikalia mara moja, akautazama ukuta wa jirani, akatangaza kwamba una ufa na lazima mwenyewe aambiwe. Spana aliapa kwamba mama yake hajagomba vizuri hivi tangu yeye ana miaka saba, akamnunulia mkewe vitunguu mfuko mzima kwa shukrani.

Asubuhi ya safari ya kwanza, gari lilijaa. Spana naye aliomba lifti mpaka gerejini, akakaa nyuma pamoja na boksi la lenzi. Mama alijifunga mkanda, akasukuma miwani juu ya pua, akainamia dashibodi. Hakukohoa. Alisoma namba yote mpaka mwisho, tarakimu baada ya tarakimu.

"Na tano," alimalizia. Akatua. "Tano. Masikini, na nimeionea mwaka mzima."

Mpima Macho aliandika tano.

"Andika pia mpaka gerejini si kazi," alisema Karani. "Huyo wa nyuma tunampeleka kwa mambo yake."

"Mama, si ni njiani!"

"Njiani kwako. Kwa serikali ni kona."

Wakaondoka. Mama alisoma mabango yote, upande wa kulia na wa kushoto. Alisoma bei za magodoro, alisoma jina la duka la dawa ambalo kwa mwaka mzima alidhani ni la nyama. Walipofika kwenye mzunguko, kwa mbali, juu ya paa za maduka, alisoma maandishi makubwa ya ofisi ya kodi, na uso ukambadilika.

"Pale," alisema. "Pale mlangoni kuna kijana wao mmoja. Nilimsalimia wakati wa kuingia, hakuitika. Nilimsalimia wakati wa kutoka, hakuitika. Nimeliweka moyoni. Mtu umevaa tai, umesimama mlangoni mwa watu, mama mzima anakuuliza habari za kazi, wewe unakenua tu?"

Spana aliangalia nje ya dirisha kwa bidii kubwa. Mpima Macho alishika usukani kwa mikono miwili, akauma mdomo wa chini, macho kodo mbele.

"Naomba mnipitishe pale dakika mbili tu," alisema Mama, akifungua mkoba na kutoa kitambaa cha kufutia miwani. "Nataka nimtazame vizuri usoni, nimfunze adabu. Na hizo kilomita, mwanangu, ziandike. Hizo ni za kazi."